Kabati la Wifi na Sanda ya Mama

Watu wakisikia kwamba niliwahi kulivunja kabati la wifi yangu kwa shoka, jambo la kwanza wanaloniuliza ni kabati lenyewe lilikuwaje. Lilikuwa la mninga? Lilikuwa na kioo? Hakuna anayeuliza ndani mlikuwa na nini. Basi nimeamua kuandika mwenyewe, kwa mkono huu uliojifunza kuandika ukubwani, maana nikiwaachia wao wasimulie, nitazikwa na uongo wao. Shule sikusoma. Nilisoma juzuu chache chuoni, kisha nikaozwa. Herufi hizi nimezipata juzi juzi tu kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu wangu ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Nikikosea, anayejua zaidi asahihishe. Lakini mambo yenyewe hayasahihishiki. Yalikuwa hivi.

Miaka ile ya hamsini tulipanga chumba kimoja Mabawa, mjini Tanga, mimi na mume wangu. Yeye alifanya kazi bandarini, kupakia marobota ya mkonge. Nyumba ilikuwa ya fito na udongo, imepakwa chokaa, vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Chumba chetu ukiingia, hatua nne umegonga ukuta wa pili. Humo ndimo tulimolala, tulimovaa, tulimopokea wageni na tulimogombana. Na humo ndimo zilimokaa nguo za watu wawili, bila kabati, bila rafu, na nguo zetu zilikuwa safi kuliko za watu wenye nyumba nzima. Nasema hivyo kwa sababu baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mimi sijui kutunza kitu.

Nilikuwa na kamba ya usumba niliyoifunga ukuta kwa ukuta, upande wa miguuni mwa kitanda. Juu yake kanzu mbili za mume wangu, moja ya siku zote na moja ya Ijumaa, na kikoi. Shati lake la kazi halikukaa kwenye kamba hata siku moja. Lilikuwa na msumari wake peke yake nyuma ya mlango, kwa sababu vumbi la mkonge linawasha, likigusa kanzu mtu atajikuna msikitini watu wamtazame. Buibui langu msumari wa pili. Kaniki za kupikia upande wa dirishani, zipigwe na upepo zitoke moshi. Kofia zake nilizivika makopo ya maziwa ili zisilegee. Kanga zangu, doti tisa, zilikuwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, na sanduku limeinuliwa juu ya matofali manne. Kila doti nimeikunja pamoja, haijaachanishwa, upande wenye maneno umetazama juu, ili siku ukiwa na la kumwambia mtu usipekue, unaiona kanga yako hapo hapo unaivuta. Katikati ya doti na doti, majani ya mwarobaini kwa ajili ya nondo, na asumini iliyokauka kwa ajili yangu mwenyewe.

Chini kabisa ya sanduku hilo kulikuwa na kifurushi cha mama yangu.

Mama alikaa Kigombe, kijiji cha njia ya Pangani, akisuka mikeka. Miaka mingapi alisuka kwa ajili ya kifurushi kile sijui, lakini alinunua bafta, ile nguo nyeupe ya sanda, wari kidogo kidogo mpaka zikatimia wari kumi na mbili, zinazomtosha mwanamke kwa vipande vyake vyote vitano, kikoi, kanzu, shungi na shuka mbili za kumzingira. Akaweka na karafuumaiti na udi. Kuiweka kwake hakuweza, paa lake lilikuwa la makuti yaliyochoka, na kaka yangu alikuwa hawezi kuona kitambaa cheupe asikifanye kiraka cha tanga. Akanikabidhi mimi. Akafunga vifundo vitatu mbele yangu, akaniambia:

"Mimi niliolewa na kisutu cha kuazima. Siku ya saba mwenyewe akakijia, na mimi bado bibi harusi, nikavuliwa mbele ya wakwe. Kaburini sitaki kwenda na nguo ya watu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na usikifungue."

Hilo la kutofungua hakuhitaji kunieleza. Kwetu sanda ya mtu aliye hai haifunguliwi ikatazamwa. Ukiitazama umemwita mwenyewe. Unaweza kuianika ilivyofungwa, unaweza kuifukiza, unaweza kuishika kuona kama imeingia unyevu, lakini vifundo huvigusi mpaka siku yake. Mimi niliishika ahadi hiyo. Na ndiyo iliyoniponza.

Sasa kabati. Wifi yangu, dada wa mume wangu aliye tumbo moja naye, alikaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Mumewe alikuwa mpishi wa Mzungu kwenye shamba la mkonge, na yule Mzungu alipofunga safari ya kwao akagawa vyombo. Wao wakapata kabati, milango miwili, kioo kirefu ndani ya mlango mmoja, kufuli la shaba. Nyumba yao ilikuwa inavuja. Basi Jumapili moja mchana nasikia kelele ukumbini, watu wanne wanasukuma, na wifi yuko mbele anaamrisha.

"Wifi, hebu toa hiyo kamba yako ya mashuka! Kabati linaingia."

"Kabati la nani?"

"La kwangu. Nakuwekea tu, mpaka nyumba yangu iezekwe. Na wewe utajitazama kwenye kioo bure, nani kakupa kioo wewe?"

Nikamtazama mume wangu. Akasema, "Ni la muda." Lilikaa miaka mitatu.

Ilibidi kitanda kisukumwe ukutani, na mlango wa chumba ukawa haufunguki wote, ukiingia unaingia ubavu. Kamba yangu ikahamia juu ya kitanda, kanzu za mume wangu zikawa zinatuning'inia usoni tukilala. Na kabati lenyewe lilikuwa limefungwa, ufunguo kaufunga wifi kwenye pindo la kanga yake. Kioo cha kujitazama bure kilikuwa ndani ya mlango uliofungwa! Kila akitaka nguo anakuja, hodi hapigi, anaingia ubavu, anafungua, anavaa, anafunga, anakwenda zake. Nguo zake alizitupia humo kama viazi. Kanga za doti zimeachana, buibui limekunjwa pamoja na aproni za mumewe zinazonuka samli. Mimi ndiye nilikuwa nikimwekea miguu ya kabati kwenye makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Masika yakiisha, siku ya kuanika, anakuja kunifungulia, anakaa kwenye kibao uani anakula embe, na mimi ninatoa nguo zake moja moja naanika, nakunja, narudisha. Naijua kila nguo iliyokuwamo. Kuna aproni moja iliunguzwa na pasi kifuani, alama kama ulimi wa ng'ombe. Hiyo nimeianika mimi kwa mikono yangu.

Masika ya mwaka wa tatu maji yaliingia chumbani. Matofali manne hayakufaa kitu. Nikalivuta sanduku, nikakuta doti mbili za chini zimeloa na kifurushi cha mama kimeguswa pembeni. Nikakaa kitandani na kifurushi mapajani, kama mtu aliyepakata mtoto mwenye homa. Mume wangu akasema:

"Kabati si hili hapa? Kikae humo. Juu, pakavu."

Wifi alipokuja nikamweleza mbele ya wapangaji wenzangu. Alilia machozi, wallahi. "Mama yako si mama yangu? Lete, wifi. Rafu ya juu, nguo zangu nitazishusha." Akakiweka, akafunga, ufunguo ukarudi kwenye pindo. Wenzangu wakasema nina wifi wa kupigiwa mfano. Na mimi nikaitikia ndiyo, nina bahati. Nimeandika hili nijishitaki mwenyewe pia, maana katika hadithi hii wenye makosa ni wanne na mimi ni mmoja wao.

Ikaja Idi. Wanawe wawili wakapita kutuamkia, wamevaa kanzu mpya nyeupe zinazong'aa, zimeshonwa darizi nyembamba shingoni. "Shikamoo, mkaza mjomba." Marahaba, nikawasifu! Nikawageuza, nikazishika kanzu zao, nikasema bafta hii nzuri, nzito, ya zamani, siku hizi haipatikani. Mama yao akacheka, akasema, "Wifi yangu anajua nguo." Mume wangu alikuwapo. Alisema chai imepoa.

Siku ya kuanika mwaka ule nilikitoa kifurushi, nikakishika. Kilikuwa kizito vile vile. Vifundo vitatu. Karafuumaiti inanukia. Nikakifukiza ubani, nikamrudishia wifi kwa mikono miwili.

Mama alikufa alfajiri ya siku ya Alhamisi. Habari nililetewa asubuhi na mchuuzi wa samaki aliyekuja mjini na baiskeli. Aliniambia kaburi linachimbwa na wanangoja mimi, mazishi baada ya alasiri, mama keshasema kwa kinywa chake kwamba nguo yake ninayo mimi. Nikaenda mbio nyumbani kwa wifi. Nyumba imefungwa. Jirani yake akaniambia kaenda harusini Mwera tangu juzi. Mwera ni ng'ambo ya Pangani, kwenda na kurudi ni siku. Na ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake, unacheza ngoma huko.

Mume wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala. Nikamwamsha.

"Mama amekufa. Fungua kabati."

"Inna lillahi," akasema, akaketi. Kisha akasema, "Ufunguo si anao dada?"

"Yuko Mwera. Livunje."

"Kabati la dada yangu?"

"Sanda ya mama yangu!"

"Tulia. Tutapita kwa Mhindi tununue bafta nyingine. Bafta ni bafta."

"Mama hakutaka bafta ya njiani. Alitaka yake."

"Maiti hajui," akasema.

Nimelirudia neno lile kichwani miaka yote hii. Siku ile nilidhani ni uvivu wa mtu mwenye usingizi. Na ningekubali kwenda kwa Mhindi, aibu iliyokuja ingenipita kando. Lakini mimi nilikuwa na ahadi.

Chumba cha pili kutoka kwetu alikaa mwanamke wa Kishambaa, Mlutheri, mume wake kibarua wa mkonge kama walivyokuwa wengi waliotoka milimani. Alikuwa amesimama ukumbini amesikia yote. Akaenda uani, akarudi na shoka lake la kuni, akanipa mpini kwanza.

"Mama ni mmoja," akasema. "Piga hapo kwenye bawaba. Usipige kioo, utajikata."

Nikapiga. Mume wangu akanishika mkono, yule mwanamke akamwambia, "Baba, mwache, anaomboleza." Nikapiga tena. Mara ya nne bawaba ikang'oka, mlango ukaning'inia, kioo kikapasuka hata bila kukipiga. Kifurushi kilikuwa rafu ya juu, mahali pake. Vifundo vitatu. Nikakibusu. Nilijiona nimeshinda, nawaambia kweli. Nilitoka chumbani kwa ubavu nimekikumbatia, nikapanda basi la Pangani nimekipakata, na njia nzima nilikuwa nikimwambia mama moyoni, nguo yako hii, hujaazima.

Mume wangu alinifuata kwa basi la nyuma.

Kigombe nilimkuta bibi mwosha ananingoja, mwanamke mfupi, mzee, jirani wa mama, aliyeosha nusu ya wanawake wa kijiji kile. Mama alikuwa amekwisha oshwa, amefunikwa. Nikaingia mle chumbani pamoja na wanawake wengine wanne. Bibi akakipokea kifurushi, akasoma alichosoma, akafungua vifundo kwa meno kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimepinda. Akaitoa bafta, akaanza kuikunjua na kuipima kwa mkono wake.

Akapima. Akapima tena.

"Mwanangu," akasema, "hii wari saba."

"Kumi na mbili, bibi. Mama mwenyewe alipima."

Akatia mkono ndani ya kifurushi, akavuta kilichobaki. Ilikuwa aproni. Imekunjwa vizuri, imefungwa ndani ya kitambaa cha karafuumaiti ili inukie. Akaikunjua mbele ya maiti ya mama yangu, mbele ya wale wanawake, na ile alama ya pasi ilikuwapo kifuani, ulimi wa ng'ombe, na mafuta ya jikoni kwa Mzungu yameganda mfukoni.

Mwanamke mmoja akasema, "Subhana llah, mtoto wa mjini kamletea mamake aproni." Hakusema kwa kejeli, alishangaa tu. Lakini lilinichoma mpaka leo. Ningesema nini? Kwamba sikufungua? Kila mmoja pale alijua kwamba hatufungui. Ndiyo maana aliyeiba aliiba kwa raha zake. Aliiba mahali ambapo mwiko wetu wenyewe unamlindia.

Duka la kijiji lilikuwa na kaniki na vitambaa vya rangi tu. Kaburi limekwisha chimbwa, wanaume wako nje wanakohoa kuashiria muda. Bibi mwosha akainuka, akatoka, akarudi na kifurushi cha kwake. Sanda yake mwenyewe. Akavifungua vifundo vyake, mtu mzima vile, anajua maana yake, akakata wari tano kwa wembe.

"Bibi, usifanye hivyo," nikasema.

"Nimlaze uchi? Shika ncha hiyo."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyozikwa. Shungi lake na kanzu yake, bafta yake. Kikoi, yake. Shuka moja, yake. Shuka ya nje, ile inayoonekana, ile wanaume waliyoibeba hadharani, ilikuwa ya kuazima.

Khitma ikasomwa, siku ya tatu ikapita, nikaitwa Mabawa kwa ami yake mume wangu, mzee wa ukoo. Nilidhani naitwa kupewa pole. Nikakuta baraza limejaa, wifi keshafika kutoka Mwera na hina bado mikononi.

"Kabati langu limevunjwa," akaanza yeye. "Mlango unaning'inia kama sikio la mbuzi. Kioo nacho! Kitu cha Ulaya kile, hapa Tanga hakishonwi wala hakifumwi."

Ami akanigeukia. "Kweli ulilivunja?"

"Kweli. Na mimi nimeibiwa sanda."

"Nani kaiba?" wifi akaruka. "Nilitwaa. Nilikuwa nirudishe. Watoto hawakuwa na nguo ya Idi, nguo imelala mle haina kazi. Ningewatoa uchi?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Watu wakacheka. Naapa walicheka, wanaume wazima.

"Na aproni ulitia ya nini?"

"Kifurushi kisilegee. Kikilegea si ungejua? Na nani angedhani bibi yule atakufa mwaka huu? Kila mwezi tunaambiwa anakufa, hafi."

Hapo hawakucheka. Ami akakohoa. Nikasema, "Mnasikia anavyosema?" Wifi akaona upepo umegeuka, akanyoosha kidole.

"Kwani nilikuwa peke yangu? Aliyewapeleka watoto kwa fundi ni kaka yangu. Bafta alibeba yeye kwapani. Muulizeni."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha vidoleni, ile kofia niliyoivika kopo miaka yote isilegee. Akasema, na hakuniambia mimi, alimwambia dada yake: "Nilidhani utarudisha mapema."

Basi. Maiti hajui, bafta ni bafta, chai imepoa. Yote yakanijia kwa pamoja. Mtu niliyelala naye chini ya kanzu zake alijua, akanitazama nikikifukiza kifurushi kile kwa ubani, na akanyamaza. Wifi aliiba kwa ajili ya wanawe, nasema aliiba, lakini angalau alikuwa na wanawe. Huyu aliiba ili asigombane na dada yake.

Ami akatoa hukumu. Wifi arudishe wari tano. Mume wangu atafute fundi wa mlango. Na mimi niombe radhi kwa kuvunja, maana sanda ni sanda, maiti kasitirika, hakwenda uchi, na kutia shoka kwenye mali ya ukweni si adabu.

"Mlango nimeuvunja," nikasema, "na leo ungekuwa umefungwa ningeuvunja. Radhi sina."

"Kiburi hicho."

"Ndicho nilichobakiwa nacho, ami."

Namtaja na yeye. Alikuwa mzee anayeheshimiwa, watu walimwamkia kutoka ng'ambo ya barabara, na siku ile aliupima mlango wa mbao na mama yangu, akaona mlango ni mzito. Wanne hao: wifi, mume wangu, ami, na mimi niliyetoa kifurushi kwa mikono miwili.

Wifi alitoka, akaenda dukani, hakukawia. Akarudi na bafta mpya ndani ya karatasi. Hakunipa mkononi. Aliitupa juu ya mkeka mbele yangu.

"Haya. Kamvishe."

Nyuma ya pazia, walikokuwa wanawake wa nyumba ile, mtu mmoja aliguna kicheko. Nikaiokota. Sikupita chumbani kwangu wala sikumuaga mtu. Sanduku langu alinipelekea Kigombe yule mwanamke wa Kishambaa kwa basi wiki ile ile, doti zote tisa, amezipanga yeye ambaye kanga zetu hakuzizoea, na maneno yametazama juu. Talaka ilikuja baada ya miezi mitatu kwa mkono wa mchuuzi yule yule wa samaki. Chumba cha Mabawa nilisikia kimebaki na kabati, kitanda na mume wangu, kila kimoja kimebanwa na mwenzake.

Bafta ile niliipeleka moja kwa moja kwa bibi mwosha. Nilimkuta barazani kwake na wanawake watatu wanasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi?"

"Nimekuletea wari zako tano."

Hakuzipokea. "Zimetoka kwa nani? Mimi siivai nguo nisiyoijua."

Nikamwambia. Nilitaja jina la wifi yangu na la baba yake, mtaa anaokaa, na nyumba ya ngapi kutoka msikitini. Nikataja jina la mume wangu. Nikataja la ami. Nilitaja kwa sauti, wale wanawake wakaacha kusuka, na mmoja akaniomba nirudie la ami kwa sababu ana jamaa ukoo ule. Nikarudia. Kabla ya magharibi Kigombe nzima ilikuwa na habari hiyo, na wachuuzi walikwenda nayo mjini asubuhi pamoja na samaki.

Ndipo bibi akaichukua. Akaitandika mkekani, akaanza kuipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, polepole, anasema hesabu kwa sauti. Alipofika mwisho akaishika ncha, akanitazama.

"Imepungua shubiri," akasema.

Nikamwambia apime tena. Akapima. Imepungua shubiri. Mbele ya ami, mbele ya ukoo mzima, baada ya yote yale, na bado alipunja!

Nilisimama nitafute basi la kurudi, wallahi nilikuwa nitarudi na shoka. Bibi akanivuta pindo la kanga, akanikalisha. Akaikunja bafta, akaiweka pamoja na zake saba, akafunga kifundo cha kwanza.

"Kaa hapa," akasema. "Mimi mfupi. Itanitosha."

Wale wanawake wakacheka, naye akacheka nao mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijaona kilichowachekesha.